Kura Iliyopigwa Mara Mbili: Dar es Salaam, 1995

Katika habari za zamani za nchi yetu twasoma mengi juu ya vita, safari na watawala. Habari za kura twazisoma kidogo, labda kwa sababu kura haina kishindo. Mtu huingia chumbani, hutia alama katika karatasi, hutumbukiza karatasi ile sandukuni, akaenda zake. Walakini kwa karatasi hiyo ndogo nchi nzima hupata mtawala. Kwa hiyo yafaa tueleze habari za Kinondoni, Temeke na vitongoji vingine vya Dar es Salaam, ambako mwaka 1995 watu waliitwa kupiga kura mara mbili kwa uchaguzi mmoja.

Tuanze mbali kidogo. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika ulifanyika mwaka 1958 na 1959, katika siku za utawala wa Waingereza. Haukuwa wa watu wote. Mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha kadiri iliyowekwa, au elimu, au cheo. Mkulima wa kawaida hakuwamo. Tena kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja; asipotimiza watatu kura yake iliharibika. Wengi katika TANU walitaka kuususa uchaguzi huo. Lakini katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Mwalimu Julius Nyerere aliwashawishi waingie. Bwana Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitenga, akaunda chama cha African National Congress. TANU wakashinda, na mlango wa Uhuru ukafunguka.

Mwaka 1960 TANU walipata viti 70 katika 71. Msomaji aangalie jambo hili: katika viti 58 mgombea alikuwa mmoja tu, hivyo hapakuwa na kura. Mwaka 1962 Bwana Mtemvu alishindana na Mwalimu Nyerere kwa kiti cha Rais wa kwanza wa Jamhuri, akapata kura chache sana. Hata ilipofika mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja, lakini wananchi walipewa wagombea wawili wa chama hicho katika majimbo mengi. Kwa ajili ya wasiojua kusoma, mmoja alipewa alama ya jembe, na wa pili alama ya nyumba. Watu wakaitumia nafasi hiyo hasa. Hata Waziri wa Fedha, Bwana Paul Bomani, alikosa kiti chake mwaka ule. Kura ya Rais ilikuwa ya Ndiyo au Hapana. Desturi hiyo ya jembe na nyumba ilidumu hata uchaguzi wa mwaka 1990.

Mwaka 1991 Serikali iliweka Tume chini ya Jaji Francis Nyalali kuuliza wananchi kama wapenda chama kimoja au vyama vingi. Watu kama wanane katika kila kumi walisema chama kimoja kibaki. Walakini Tume ilishauri vyama vingi viruhusiwe, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wengi wape, husema wahenga. Hapa wachache ndio waliopewa, na sababu ilikuwa ya maana: sauti ya wachache nayo yahitaji mahali pa kusemewa pasipo hofu.

Basi uchaguzi mkuu wa kwanza wa namna hiyo mpya ukafika. Wagombea wa Urais wa Muungano walikuwa wanne: Bwana Benjamin Mkapa wa CCM, Bwana Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi, Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF, na Bwana John Cheyo wa UDP. Bwana Mrema alikuwa amepata kuwa Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Mambo ya Ndani, akaihama CCM mwaka ule ule. Makundi makubwa ya watu yalimfuata, hasa mijini. Mwalimu Nyerere, ijapokuwa alikuwa amekwisha ng'atuka, alizunguka nchi akimwombea kura Bwana Mkapa.

Siku ya kura ilikuwa Jumapili, tarehe 29 Oktoba 1995. Katika sehemu nyingi za nchi kazi ilifanyika. Lakini Dar es Salaam, mji uliokuwa wakati ule na ofisi kubwa za Serikali, ndiko kazi iliposhindikana. Vituo vingi vilichelewa mno kufunguliwa, na vingine havikufunguliwa kabisa. Penye masanduku hapakuwa na karatasi, na penye karatasi palikosekana kitu kingine. Watu walisimama katika mistari juani saa nyingi wakiwa na shahada zao mkononi. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Wengine walirudi nyumbani bila kupiga kura, na wengine walikaa hata giza likaingia.

Tume ya Uchaguzi, chini ya Jaji Lewis Makame, ilifuta kura za majimbo yote saba ya mji, ikaamuru zipigwe upya tarehe 19 Novemba. Vyama vya upinzani vilisema kwamba uchaguzi wa nchi nzima ufutwe, kwa kuwa si haki sehemu moja ipige kura ikiwa sehemu nyingine zimekwisha kupiga. Walikwenda mahakamani, wasifanikiwe. Ndipo wagombea wao wa Urais wakajitoa katika marudio hayo. Siku ya pili ilipofika, vifaa vilikuwapo, lakini watu hawakuja kama mara ya kwanza. Bwana Mkapa alitangazwa mshindi kwa asilimia 61.8 ya kura za nchi, na Bwana Mrema akapata asilimia 27.8.

Hapa ndipo penye fundisho kubwa. Karatasi iliyokosekana yaweza kuchapwa tena kwa wiki tatu, lakini imani iliyokosekana haichapwi. Mtu aliyesimama mchana kutwa na kuambiwa jioni arudi kwake, mara nyingine hujiuliza kama kuna faida kwenda. Naye hajui kama alikosewa kwa uzembe au kwa makusudi, na kutojua huko kwenyewe ni sumu.

Hata hivyo watu wa Temeke hawakukata tamaa. Kiti chao cha Ubunge kilipoachwa wazi mwaka 1996, uchaguzi mdogo ulifanyika mwezi wa Oktoba. Bwana Mrema akasimama kwa NCCR-Mageuzi, akamshinda mgombea wa CCM, chama kilichoshika dola. Mshindi alitangazwa, akaenda Bungeni. Siku ile watu wa vitongoji waliona kwa macho yao kwamba sanduku laweza kusema neno ambalo wakubwa hawakulitarajia.

Njia haikuwa nyofu baada ya hapo. Tarehe 16 Februari 2018, siku moja kabla ya uchaguzi mdogo wa Kinondoni, polisi walipokuwa wakitawanya maandamano ya chama cha upinzani, risasi ilimwua msichana mwanafunzi aliyekuwa ndani ya daladala. Tena tarehe 29 Oktoba 2025, vyama viwili vikubwa vya upinzani vikiwa havina mgombea wa Urais katika karatasi ya Tanzania Bara, ghasia zilitokea Dar es Salaam na miji mingine, watu wakauawa, na amri ya kutotoka nje usiku ikatolewa mjini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sisi Wakristo tunayo habari ya zamani katika Matendo ya Mitume. Wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku, na manung'uniko yakazuka. Mitume hawakuwanyamazisha wanung'unikao. Waliuita mkutano wote, wakawaambia wachague wenyewe watu saba wenye sifa njema, na waliochaguliwa wakakabidhiwa kazi mbele ya wote. Manung'uniko yalisikiwa kwanza, kisha uchaguzi ukafanywa waziwazi, ndipo kanisa likaongezeka.

Basi, ndugu msomaji, ukiitwa kusimamia kura kijijini, ya nchi au hata ya baraza la wazee wa kanisa, fika mapema kuliko wapiga kura. Hesabu karatasi mbele ya watu. Aliyeshindwa mwache aone hesabu kama aliyeshinda. Mzee aliyetoka shamba lake tangu alfajiri akija kupiga kura moja, asirudi nayo nyumbani.