Daktari wa Mji Mdogo: Picha za Kremmling, 1948

Safari hii tunafungua picha za zamani kutoka Kremmling, mji mdogo katika milima ya Colorado, Marekani. Mpiga picha W. Eugene Smith alimfuata huko Dkt. Ernest Ceriani kwa siku 23, na gazeti la Life likazitoa tarehe 20 Septemba 1948. Daktari alikuwa na miaka 32 tu, akiwahudumia peke yake watu wapatao 2,000.

Inasimuliwa kwamba mwanzoni Smith alipiga bila filamu, ili daktari amzoee.

Mke na watoto wa daktari wamo, lakini kwa uchache, kwani nyumbani hakukaa. Siku moja alipata nafasi ya kwenda kuvua samaki. Haikupita nusu saa akaitwa: mtoto wa kike wa miaka miwili amepigwa teke la kichwa na farasi. Alimshona, lakini jicho halikuokoka. Hofu ya wazazi imo ndani ya picha, nasi tulio na watoto tunajiuliza kama tungemruhusu mtu mwenye kamera asimame pale. Hatujapata jibu.

Nyingine ni ya usiku. Mama na mtoto wamefariki katika uzazi. Daktari yuko jikoni mwa hospitali, bado na nguo za upasuaji, kikombe cha kahawa mkononi (na sigara, hiyo tunaipita!), macho chini.

Ceriani hakuuhama mji ule hadi alipofariki mwaka 1988.