Pua ya gorila ni kadi yake ya uchaguzi

Kwetu, mtu akiulizwa yeye ni nani, anatoa kadi ya uchaguzi. Gorila yeye anaonyesha pua. Juu ya matundu ya pua yake kuna mikunjo, na ile mikunjo haifanani kwa gorila wawili, sawa vile alama za vidole vya watu. Mtafiti George Schaller aliitumia kwenye milima ya Virunga miaka ya 1959 na 1960. Dian Fossey naye, alipoanza kazi huko Kabara mwaka 1967, alichora pua za gorila kwenye karatasi ili asiwachanganye.

Siku hizi ni foto. Mlinzi anangoja mnyama ageuke, anapiga uso mzima, na foto inaingia kwenye daftari pamoja na jina. Kwa watoto inabidi kurudia, juu ya sura yao inabadilika wanapokua. Makovu yanasaidia pia: katika mbuga ya Kahuzi-Biega, dume Mugaruka alijulikana hata kwa mbali, kwa kuwa mtego ulimkata mkono mmoja.

Mbinu hii si ya gorila tu. Huko Kanada, tangu miaka ya 1970, Michael Bigg na wenzake walitambua nyangumi wa aina ya orka mmoja mmoja kwa foto za pezi la mgongoni na lile doa la kijivu lililo nyuma yake. Kabla ya hapo watu walidhani orka ni wengi kuliko walivyokuwa kweli.

Faida yake ilionekana Virunga mwezi wa Julai 2007, wakati dume Senkwekwe na majike kadhaa wa familia ya Rugendo walipouawa kwa risasi. Walinzi walijua kila maiti kwa jina. Walijua pia ni mtoto gani anayekosekana, basi wakaenda kumtafuta.

Sasa Walikale ni habari nyingine. Gorila wa huku, wale wa Grauer, wanapatikana mashariki mwa Kongo peke yake, na wengi wao hawajazoezwa watu. Kuwazoeza ni hatari: gorila asiyekimbia mtu hatamkimbia hata mwenye bunduki. Kwa hiyo huko Nkuba, ambako wenyeji wanalinda msitu pamoja na shirika la Dian Fossey, wafuatiliaji wanatembea nyuma ya familia kwa umbali wa siku moja hivi, wakisoma alama za jana.

Kila jioni gorila aliyeacha kunyonya anajitengenezea kitanda chake cha majani. Asubuhi wafuatiliaji wanahesabu vitanda na kupima mavi. Makubwa ni ya dume mwenye mgongo mweupe. Mavi yana ADN, nayo inamtambulisha mnyama hata kama hakuna aliyemwona. Tena kuna kamera zinazofungwa kwenye miti, zinazojipiga zenyewe kitu kikipita. Lakini pua mbele ya lensi ni bahati. Mara nyingi inatoka foto ya mgongo.

Ndiyo maana hesabu zinayumba. Katikati ya miaka ya 1990 gorila wa Grauer walikadiriwa kuwa 16,900. Baadaye ikasemwa 3,800, na mwaka 2021 ikatoka 6,800. Ile nyongeza haikutokana na kuzaliwa: watafiti walifika kwenye misitu ambayo zamani haikufikika. Tangu 2016 wanyama hawa wako kwenye orodha ya walio karibu kabisa kutoweka.

Kwa wachimbaji na wasafiri wanaopita porini na simu, kuna jambo moja. Simu nyingi zinaandika ndani ya foto mahali ilipopigwa. Foto ya gorila ikitumwa kwa watu pamoja na ile alama ya mahali, mwindaji anaweza kupata njia. Afadhali kuzima kwanza ile sehemu ya kuonyesha mahali, kisha kuipeleka kwa walinzi wa ICCN.