Matuta ya Uluguru na mchicha wa nyuma ya nyumba

Siku hizi mjini kuna homa ya bustani. Kijana aliyezoea kununua mchicha wa fungu kwa mama wa kona sasa ana gunia la matembele barazani, ndoo ya nyanya dirishani na picha thelathini za jani moja kwenye simu. Mwenzenu nimo pia. Nina magunia manne na matairi mawili nyuma ya chumba ninachopanga hapa Morogoro, mji kasoro bahari, na asubuhi kabla hata ya kupiga mswaki naenda kwanza kuangalia kama chainizi imechomoza. Ukiona ile mistari ya kijani imejitokeza kwenye udongo uliokuwa mtupu jana jioni, unajikuta unacheka peke yako kama mwehu. Halafu inafika siku unachuma mboga ya chakula cha mchana kwa mkono wako, hatua tano kutoka jikoni, na hakuna mtu wa kukwambia bei imepanda.

Sasa kazi ya uandishi ina ugonjwa wake, nao ni kuuliza maswali. Nikimwagilia huku naitazama milima ya Uluguru mbele yangu, nikaanza kujiuliza: sisi ndio wa kwanza? Watu wa mji huu na wa mlima huu wamekuwa wakilima mboga kwa sababu gani? Nimesoma, nimeuliza wazee, na nimegundua kwamba historia ya mboga hapa ina utamu wake, lakini pia ina njaa, amri za serikali na risasi.

Tuanze mbali kidogo. Henry Stanley alipopita hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, hakukuta pori. Alikuta mji wa Simbamwene wenye ukuta wa mawe, ulioanzishwa na Kisabengo na wakati ule ukitawaliwa na binti yake. Watu hao walikula mboga bila kungoja mzungu awaletee. Mnafu, majani ya kunde, majani ya maboga na mchicha unaojiotea shambani ni mboga za siku nyingi katika nchi hizi. Ila tusijidanganye kwamba kila tunachokiita cha asili ni cha asili. Muhogo na viazi vitamu vimetoka Amerika, kwa hiyo hata kisamvu na matembele ni wageni waliokaa sana mpaka wakapewa uraia. Nyanya vilevile. Nyanya chungu ndiyo mwenyeji hasa.

Wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa Bagamoyo tangu 1868, walifungua misheni ya Morogoro mwaka 1882. Misheni na bustani zilikuwa kama chanda na pete, padri wa Kifaransa hawezi kukaa mahali bila kabichi. Baadaye Wajerumani walifika. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika hapa mwaka 1907, na mwaka 1911 wakajenga ile nyumba ya Morningside juu kabisa kwenye baridi. Wengi wetu tumepanda kule kwa miguu Jumapili, tukapiga picha, tukashuka magoti yakitetemeka.

Lakini nyumba halisi ya mboga za kizungu ikawa Mgeta, upande wa magharibi wa milima, ambako leo ni wilaya ya Mvomero. Kule kuna baridi na maji yanayotiririka, na kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo vinakubali kuliko huku bondeni. Na hapa ndipo mahali ninapopapenda katika hadithi hii yote. Waluguru wa Mgeta waliichukua mbegu ya mgeni, wakaifanya biashara yao. Hawakuila sana wao wenyewe, waliwauzia wanaoila. Wakachimba mifereji, wakashusha matenga, na mtandao wao wa wachuuzi ukafika hadi Kariakoo. Ukila karoti Dar es Salaam, upo uwezekano mkubwa kwamba umekula jasho la mtu wa Mgeta.

Sasa tufike kwenye 1955.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya mkoloni ilitazama milima hii ikaingiwa na hofu. Udongo unaporomoka, mito inakuwa ya tope, na mto Ruvu, unaoteremka kutoka huku, ndio maji ya mashamba ya chini na ya pwani. Ukatungwa mpango wa kuihifadhi ardhi ya Uluguru. Miaka ya mwanzo ya 1950 amri zikashuka: kuchoma shamba kukabanwa, kulima kando ya vijito kukabanwa, na kubwa kuliko yote, watu wakatakiwa kuchimba matuta mapana ya ngazi kwenye miteremko. Kila mmoja na kipande chake cha kuchimba. Asiyechimba anapelekwa mbele ya baraza, anapigwa faini.

Kwenye karatasi jambo hilo linapendeza. Kwenye jembe ni kitu kingine. Sehemu nyingi za mlima ule udongo mzuri ni ngozi nyembamba tu ya juu. Ukichimba tuta pana unaufukia huo mzuri chini na kuutoa juu ule mwekundu usio na kitu. Mtu anatoa jasho miezi, anapanda mahindi, mahindi yanatoka manjano. Kazi yenyewe ikawaangukia zaidi akina mama, ambao tayari walikuwa na shamba, maji, kuni na watoto.

Halafu kuna jambo ambalo wataalamu hawakulipa uzito. Uluguruni ardhi ni ya ukoo, na ukoo unafuata upande wa mama. Mwanaume mara nyingi analima ardhi ya ukoo wa mkewe, na mtu anaweza kuazima kipande kwa ukoo mwingine akatoa malipo madogo yanayoitwa ngoto, ishara ya kukubali kwamba hapa si kwangu. Unaruhusiwa kupanda mazao ya msimu. Kupanda miti ni habari nyingine, maana mti unakaa, na anayeupanda ni kama anaanza kudai. Sasa mwambie mtu wa ngoto ajenge tuta la kudumu kwenye ardhi ya wenyewe. Anajenga kwa faida ya nani? Na wenye ardhi wakimwona anajenga, watafikiri nini?

Mwezi Julai 1955 mambo yakalipuka huko Matombo, upande wa mashariki. Umati wa watu ulikusanyika kuyakataa matuta mbele ya maofisa na machifu wao, mawe yakaruka, polisi wakafyatua risasi. Mtu mmoja akafa. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu wakati huo, na wakubwa wakasema ni wachochezi kutoka nje. Ndiyo lugha ya wakubwa siku zote, mwananchi hawezi kukasirika bila kufundishwa. Lakini mpango wa kulazimishana matuta ulikufa baada ya siku ile. Roland Young na Henry Fosbrooke wameandika kitabu kizima kuhusu ardhi na siasa za Waluguru, kilichotoka mwaka 1960, na kinafaa kusomwa na yeyote anayedhani historia ya uhuru wetu ilifanyika Mnazi Mmoja peke yake.

Kilichonishangaza ni hiki. Kule Mgeta, kwenye mlima uleule, watu wanalima kwenye ngazi mpaka leo. Walikuwa na vingazi vyao vyembamba ambavyo ndani yake magugu na majani yanafukiwa yaoze yawe mbolea. Na palipokuwa na maji ya mfereji na soko la kabichi, hata tuta pana halikuwa adui, kwa sababu jasho linarudi na fedha mfukoni. Jembe ni lilelile na mteremko ni uleule, tofauti ni nani kaamua na nani anavuna.

Nisiwe mchoyo kwa wale wataalamu lakini. Hofu yao haikuwa ya kubuni. Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya zaidi ya milimita 100 ilinyesha Mgeta kwa muda wa saa tatu hivi, na maporomoko zaidi ya elfu moja yakatokea kwenye miteremko. Karibu yote yalitoka kwenye mashamba na sehemu za majani, msituni yalikuwa ya kuhesabu. Kwa hiyo walisema kweli kuhusu mlima, ila walikosea kuhusu watu wanaouishi.

Serikali yetu wenyewe nayo ilipenda kuamrisha jembe. Mei 1972 huko Iringa likatoka tamko la Siasa ni Kilimo. Ukame wa 1973 na 1974 ukaja, chakula kikanunuliwa nje kwa fedha ambazo hazikuwepo, na tukaingia kwenye Kilimo cha Kufa na Kupona. Wafanyakazi wa mjini, shule, viwanda, wote walitakiwa walime. Ukiwauliza wazee wa Morogoro waliokuwa makarani enzi hizo, wengine wanacheka na wengine wananyamaza.

Baada ya vita ya Kagera hakuna aliyehitaji kuamrishwa. Miaka ya 1980 mshahara ulikuwa unaisha kabla ya wiki kwisha, sukari na sabuni zilipangiwa foleni kwenye duka la kaya. Mwalimu, nesi, mhasibu, wote wakawa na matuta nyuma ya nyumba za serikali na mabanda ya kuku pembeni. Vijana wengi tuliosoma, tukifuatilia vizuri, ada zetu au za kaka zetu zilipitia kwenye mchicha wa mama. Ndiyo maana ukimwonyesha mama yako picha ya gunia lako la matembele kwa fahari, anakutazama kwa jicho fulani. Kwake yeye bustani ya nyumbani ni kumbukumbu ya miaka mibaya. Hakuipiga picha hata siku moja.

Mwaka 1992 zikatoka kanuni za kilimo cha mijini, zikimruhusu mtu kulima mjini lakini asizidi ekari tatu. Ekari tatu! Leo Kihonda ukipata hatua tatu za ardhi bila zege shukuru Mungu.

Kwa mji wenye Chuo Kikuu cha Sokoine tangu 1984, tungeweza kudhani elimu ya bustani ilimwagika tu kutoka chuoni hadi uani. Haikuwa hivyo moja kwa moja, ingawa chuo kilifanya mengi, mfano mbuzi wa maziwa wa Norway waliopelekwa Mgeta miaka ya 1980, ambao samadi yao inarudi kwenye mboga. Mwaka 2009 Janet Maro na wenzake walianzisha mradi wa Bustani ya Tushikamane hapa Morogoro, wakifanya kazi na vikundi vya wakulima wadogo kulima bila dawa za dukani, na mwaka 2011 ukazaa shirika la Kilimo Endelevu Tanzania, lijulikanalo kama SAT. Wao hawakumpigia mtu faini. Walilima, jirani akaona, jirani akauliza.

Gunia nalo lina safari yake. Lilipata umaarufu mkubwa Kibera, Nairobi, kuanzia 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, chakula kilipokuwa ghali na ardhi haipo. Kulitengeneza hakuhitaji digrii. Chukua kopo kubwa lisilo na mfuniko wala kitako, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze kokoto, zungushia udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, kisha vuta kopo juu, ujaze tena, hadi gunia lifike kifuani. Ile nguzo ya kokoto ndiyo inayoteremsha maji hadi chini. Toboa matundu ubavuni, pachika miche. Matembele unapachika vipande vya shina tu. Mchicha ukiutunza unauchuma ndani ya mwezi mmoja.

Mimi nimelipenda gunia kwa sababu nyingine pia. Ni mpangaji. Mwenye nyumba wangu, mzee mmoja Mluguru, siku ya kwanza alikuja akasimama mlangoni akatazama magunia yangu kwa muda mrefu.

"Unapanda nini, kijana?"

"Shikamoo mzee. Mchicha tu na chainizi."

"Marahaba. Mchicha sawa. Mwembe usipande."

Nikacheka, nikampelekea fungu mavuno yalipofika. Tangu hapo kila nikichuma nampelekea, naye anapokea bila kushangaa, kama kitu alichokuwa anakitarajia.