Mdudu, Kidudu na Madudu: Ngeli na Maana, kutoka Msitu wa Jozani hadi Kompyuta

Kuanzia mwaka 1994 ndege zilipita juu ya kisiwa cha Unguja zikiachia wadudu. Walikuwa mbung'o madume wa spishi ya Glossina austeni, waliokuzwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi, ili majike watakaopandana nao wasizae. Hadi 1997 walikuwa wameachiwa zaidi ya milioni 8. Msitu wa Jozani, wenye kivuli na unyevu, ulikuwa miongoni mwa maskani yao makuu. Mbung'o wa mwituni wa mwisho alinaswa 1996, na kisiwa kikaepukana na nagana iliyodhoofisha ng'ombe.

Ushindi huo wa mifugo unaibua swali la lugha. Mdudu ni nzi anayeuma. Tena mdudu ni kile anachokiacha damuni. Mfugaji anayeelezwa kwamba wadudu wanaachiwa ili wadudu waishe ana haki ya kuuliza: wadudu gani? Swali lake si la kipuuzi, kwani anayemjua mdudu wa nje tu atapaka dawa ngozini ilhali maradhi yamo damuni.

Makala haya yanadai kwamba jibu limo katika ngeli. Kiambishi ki- kimeupa mzizi -dudu maana ya kitabibu: kidudu ni kiumbe kisichoonekana kwa macho, kisababishacho maradhi. Upatanisho wake unayumba. Wapo wasemao "vidudu wameingia", na wapo wasemao "vidudu vimeingia". Hawa wa pili wamekwisha kumtoa kidudu katika kundi la wanyama. Matumizi ya zamani hayakutenga hivyo: kidole kilichotunga usaha husemwa kina mdudu, kana kwamba maradhi yenyewe yana uhai.

Katika kompyuta njia zimegawanyika. Kiingereza kililipa kosa la mtambo jina la mdudu mapema. Thomas Edison alilitumia hivyo mwaka 1878. Kiswahili sanifu kimechagua hitilafu. Hata hivyo, mzizi haukukosa nafasi: programu inayovuruga kazi husemwa mitaani kuwa imefanya madudu, kama fundi aliyeharibu. Virusi, neno la Kilatini lenye maana ya sumu, lilichukuliwa kuwa wingi, likazaa kirusi kwa mfano wa kitabu na vitabu. Kirusi cha homa na cha kompyuta vyote "vimeingia"; hapa ngeli haitofautishi, hivyo kivumishi au kihusishi hulazimika kufanya kazi hiyo.

Waundaji wa istilahi wanapaswa kuitumia nyenzo hii iliyokwisha kuwamo katika lugha. Katika elimu ya mifugo, mdudu abaki kuwa mbebaji na kidudu kiwe kibebwacho. Hapo mfugaji wa pembezoni mwa Jozani ataelewa kwa nini kisiwa kilijazwa wadudu ili ng'ombe wake wapone vidudu.