Chiswick House

Chiswick House ni jumba la kihistoria lililoko magharibi mwa London, Uingereza, na ni mfano mashuhuri wa usanifu wa Kipalladio nchini humo. Lilisanifiwa na Richard Boyle, Earl wa tatu wa Burlington, na kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1720. Burlington aliiga kazi za msanifu wa Kiitalia Andrea Palladio, ikiwemo Villa Rotonda iliyo karibu na Vicenza, pamoja na majengo ya Roma ya kale.

Jengo lina umbo la mraba. Mbele kuna ngazi pacha zinazopanda hadi kwenye baraza yenye nguzo sita za Kikorintho. Katikati ya ghorofa kuu kuna ukumbi wa pembe nane wenye kuba, unaopata mwanga kupitia madirisha ya nusu duara. Dohani zimechongwa kama minara ya Kimisri. William Kent alipamba vyumba vya ndani na kushiriki kubuni bustani.

Mabawa yaliyoongezwa mwaka 1788 yalibomolewa katika miaka ya 1950. Jumba linalindwa kisheria katika Daraja la I, ambalo ndilo la juu kabisa.