Tandiko Nalo Lina Uzito

Aliyetaka kazi ya Pony Express ilimbidi awe mwembamba. Huduma hiyo ya barua ilianza Aprili 1860, ikiunganisha St. Joseph, Missouri, na Sacramento, California, mwendo wa kilomita 3,000 na ushei uliomalizwa kwa siku kumi hivi. Mpandaji hakutakiwa kuzidi kilo 57. Ukijumlisha naye barua na vifaa, mgongo wa farasi ulibeba kilo 75 hivi, na farasi wenyewe walikuwa wadogo, wa kilo 400 kwa wastani.

Kila kitu kilipunguzwa. Hata mkoba wa barua haukuwa mkoba hasa, bali ngozi pana yenye mifuko minne, iliyotandazwa juu ya tandiko. Mpandaji aliikalia, na uzito wake ukaizuia isidondoke. Akifika kituoni aliivuta, akaitupa juu ya farasi mwingine aliyekwisha tandikwa, akatimua mbio. Vituo vilifuatana kila baada ya kilomita 16 hadi 24, kwa hiyo hakuna farasi aliyekimbizwa hadi akaishiwa nguvu. Huduma ilikufa Oktoba 1861, nyaya za telegrafu zilipokamilika. Haikuuawa na uchovu wa farasi.

Jeshi la Uingereza lilikuwa na hesabu nyingine. Katika vita dhidi ya Makaburu huko Afrika Kusini, 1899 hadi 1902, askari mpanda farasi alipanda na bunduki, upanga, risasi, koti zito, blanketi, mfuko wa chakula cha mnyama, kamba na kigingi cha kumfungia. Pamoja na mwili wake, mzigo ulikaribia kilo 125. Kwa farasi wa kilo 500, hiyo ni robo nzima ya uzito wake. Makaburu wao walisafiri na vitu vichache, wakapiga na kutoweka.

Farasi wapatao 300,000 wa upande wa Uingereza walikufa. Mzigo haukuwa sababu pekee: wengi waliteremshwa melini baada ya safari ndefu, wakapelekwa vitani bila kupumzishwa, kisha njaa na maradhi vikawamaliza. Mwaka 1905 ilizinduliwa sanamu yao katika mji wa Port Elizabeth, ambao leo unaitwa Gqeberha. Askari amepiga goti mbele ya farasi, amemshikia ndoo ya maji. Tandiko bado liko mgongoni.

Kiwango kinachotajwa hadi leo kiliandikwa na Wamarekani. Mwongozo wa kikosi chao cha wapanda farasi wa mwaka 1920 ulishauri kwamba mzigo usipite asilimia 20 ya uzito wa mnyama. Hapo ndipo wengi hukosea hesabu, kwa sababu hupima mtu wakasahau tandiko. Farasi wa kilo 500 anastahili kilo 100. Tandiko na hatamu zikichukua 12, mpandaji anabakiwa na 88. Kwa kipimo hicho, farasi wa Pony Express walikuwa salama, kwani walibeba chini ya asilimia 19.

Mwaka 2008 watafiti wa Ohio walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha farasi wanane. Kila mmoja alifanyishwa mazoezi ya dakika 45 akiwa na mzigo wa asilimia 15, 20, 25, na hatimaye 30 ya uzito wake, huku mapigo ya moyo, joto la mwili na damu vikipimwa. Kwenye 15 na 20 mabadiliko yalikuwa madogo. Kwenye 25 mwili ulianza kulalamika, na kwenye 30 moyo ulikwenda kasi zaidi na misuli ikauma na kukaza hata siku iliyofuata.

Watafiti walipima pia maumbile. Farasi wenye kiuno kipana na mfupa mnene wa muundi waliumia misuli kidogo kuliko wenzao, ingawa wote walibebeshwa kwa asilimia zilezile.