Kashata za Krismasi katika Pwani ya Ruvuma

Sikukuu ya Krismasi, katika nchi ya Mtwara na Mikindani, na juu huko Newala na Masasi, huangukia mwishoni mwa msimu wa korosho. Nami naamini kwamba jambo hili, kuliko mafundisho yoyote ya mapadri au desturi yoyote iliyoletwa kutoka Ulaya, ndilo lililoipa kashata mahali pake katika karamu za jamaa. Korosho huanza kuanguka chini ya mikorosho mnamo Septemba au Oktoba, huokotwa na kuanikwa hata Desemba, na fedha zake, zikijaaliwa kuja, huja katika miezi hiyo hiyo. Basi kijana arejeaye kutoka Dar es Salaam kuwaamkia wazee wake humkuta mama yake ana korosho kapuni na sukari koponi, vitu viwili ambavyo mwezi wa Aprili aghalabu havionekani pamoja katika nyumba ya mkulima.

Kashata yenyewe ni kongwe kuliko Ukristo wa nchi hiyo. Ni tamu ya miji ya Waislamu wa pwani, iliyouzwa barazani pamoja na kahawa chungu, na iliyopangwa katika masinia ya Idi karibu na halua, ambayo ni ya heshima zaidi na ya gharama zaidi. Mikindani, bandari ya majahazi ambako Livingstone alishukia mwaka 1866 katika safari yake ya mwisho ya bara, ilikuwa na wenyeji wake wa pwani, na Waarabu, na wafanyabiashara wa Kihindi ambao nao walikuwa na tamu zao za maziwa na sukari, barfi na peda, zilizopikwa kwa ajili ya Diwali, sikukuu iangukayo Oktoba au Novemba. Ukitazama kwa makini vitu vinavyoingia katika sufuria ya kashata utaona historia nzima ya bahari: karanga na korosho asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioueneza mkorosho katika pwani zetu baada ya kuutoa Brazil, muwa ulitoka mashariki, na iliki ni ya Bara Hindi.

Ukristo ulipoingia upande huu haukuja moja kwa moja kutoka Uingereza, bali ulipitia Unguja. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani, akashuka nao Lindi, akawapeleka bara kwa nia ya kuwarudisha katika nchi za Ziwa Nyasa walikotekwa. Wakafika Masasi, wakaipenda nchi, wakakaa. Watu hao walikuwa wameishi Unguja, wakisema Kiswahili na kula chakula cha pwani, wala haielekei kwamba walipojenga vijiji vyao walisahau yote waliyoyaonja mjini. Ni dhana yangu, lakini siioni kuwa dhana dhaifu, kwamba Krismasi ya kusini ilikuwa ya Kiswahili tangu mwanzo, pilau na tamu zikiwamo, hata kabla ya Wabenediktini Wajerumani kujenga misheni ya Ndanda mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya misheni ya Masasi kuchomwa moto katika vita vya Maji Maji.

Kupika kwenyewe ni kazi ya nyumba nzima, na sehemu yake ngumu ni ile isiyoonekana katika sinia. Korosho hazimenywi kama karanga. Ganda lake lina mafuta makali yanayochuna ngozi, kwa hiyo huchomwa kwanza nje, juu ya bati lililotobolewa, mpaka mafuta yashike moto na moshi mzito upande, ndipo humwagwa mchangani na kufunikwa ili moto ufe. Kisha wanawake na watoto, vidole vyao vimepakwa majivu, hukaa kubangua, yaani kupiga ganda kwa jiwe au rungu dogo kwa kipimo ambacho mkono hukijua, ili kiini kitoke kizima. Vizima huwekwa kando kwa ajili ya kuuza, maana bei yake ni kubwa. Vipande ndivyo vya kashata. Naona adili kubwa katika mgawanyo huo, kwamba kile soko linachokidharau ndicho jamaa wanachokaribishiwa.

Vipande vikiisha kutolewa ngozi na kukaangwa kidogo, sukari hutiwa katika sufuria pamoja na maji machache, nayo hukorogwa kwa mwiko bila kupumzika. Bibi humwonya mjukuu wake kwamba akigeuza shingo tu sukari itaungua na kuwa chungu. Tone likidondoshwa katika kikombe cha maji baridi na kugandamana, basi imeiva. Hapo hutiwa iliki iliyotwangwa, na wengine hutia nazi iliyokunwa, kisha korosho. Vyote humiminwa haraka katika sinia lililopakwa mafuta, husawazishwa kwa mgongo wa mwiko, na hukatwa kwa kisu mishazari kwa mishazari kashata ingali moto, kwa sababu ikisha kuganda haikatiki ila huvunjika.

Wasiokuwa na korosho hutumia karanga, na karanga nayo ina kisa chake katika nchi hiyo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikakusudia kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu. Mji wa Mtwara ulipimwa na bandari yake ya kina ikajengwa, na reli ikatandikwa kwenda Nachingwea, yote kwa ajili ya mazao ambayo hayakuja. Mpango uliachwa mwaka 1951, baada ya kugharimu pauni milioni 36 hivi, na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ilibaki, ikawa mlango wa korosho.

Korosho ndiyo iliyotajirisha na kufukarisha. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000, kwa sababu ya ugonjwa wa ubwiriunga ulioshambulia maua, bei duni, na wakulima kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao. Sukari nayo ikawa ya kugawiwa. Sidhani kuna mama wa kusini aliyepika katika miaka hiyo ambaye hakuwahi kupunguza vipande vya sinia kwa kukosa sukari, na hiyo, kwangu mimi, ni takwimu ya uchumi iliyo wazi kama yoyote iliyochapishwa na serikali.

Siku hizi korosho ghafi hupita vyama vya msingi na maghala, huuzwa kwa mnada, na sehemu kubwa husafirishwa ng'ambo kwenda kubanguliwa. Mwezi wa Novemba 2018, palipotokea mgogoro wa bei na wanunuzi, Rais Magufuli aliamuru serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanajeshi wakaenda kuzisomba; uhakiki wa wakulima ukachukua muda, na wengi walilipwa mwaka mpya ulipokwisha kuingia. Krismasi ile, aliyekwisha kupeleka korosho zake zote ghalani, bila kubakiza debe moja la kubangua nyumbani, alikosa fedha ya sukari na korosho ya kutia ndani yake.